Ini la Panya Ambaye Hakupewa Dawa

Ini la panya mwenye afya lina rangi ya hudhurungi iliyokolea kuelekea wekundu. Kingo zake ni nyembamba, uso wake unang'aa, na uzito wake ni asilimia 3 hadi 4 hivi ya uzito wa mwili. Hayo ndiyo mambo ya kwanza niliyofundishwa nilipoanza kazi ya kufungua mizoga ya wanyama wa majaribio, na niliyazoea kabla sijakabidhiwa hadubini. Ndiyo maana tulipowafungua panya wa kundi la kulinganishia, wale ambao hawakupewa chochote zaidi ya maji kwa mpira wa kooni, nilijua kuna jambo hata kabla mizani haijasema. Maini yalikuwa yamepauka na kuingia umanjano, kingo zimenenepa na kuviringika, na kisu kilitoka na utelezi wa mafuta.

Jaribio lenyewe lilikuwa la kawaida: kemikali moja, dozi tatu, na kundi moja la kulinganishia. Makundi yote yalikula chakula kimoja kutoka stoo moja. Tulipoyapanga maini kwenye trei, hayakutofautiana sana kutoka kundi hadi kundi. Mezani ikatolewa hoja kwamba kwa kuwa makundi yanafanana, basi kemikali haina madhara kwa ini. Kitakwimu hoja ilinyooka kabisa. Kwangu mimi hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika kazi hii. Panya wa kulinganishia akiwa mgonjwa, chochote utakachompima naye kitaonekana salama, na watu watakuja kukitumia kwa kuamini karatasi yetu.

Aliyetufumbua macho ni mtunza wanyama, mzee aliyelihudumia jengo lile miaka mingi. Nilimkuta akibadilisha maranda kwenye vizimba.

"Shikamoo mzee. Hawa panya wa chumba cha pili umewaonaje siku hizi?"

"Marahaba mwanangu. Hawa hawali. Wanakisagasaga chakula na kukimwaga. Tazama chini ya vizimba, vumbi tupu. Mbona niliandika kwenye daftari?"

Kweli alikuwa ameandika, kwa kalamu ya wino na kwa mwandiko mzuri: chakula kinamwagwa, manyoya hayalali, wanajikunyata. Tatizo ni kwamba daftari la mtunza wanyama lilikaa kwenye msumari mlangoni, na takwimu zilikaa kwenye kompyuta, na viwili hivyo havikuwahi kukutana. Kwenye kompyuta uzito wa makundi yote ulikuwa umechelewa kupanda kwa kiasi kilekile, kwa hiyo mistari ya chati ilikwenda sambamba, ikapendeza macho. Tangu hapo kila nikiletewa chati ya uzito, naitazama kwanza ile ya kundi la kulinganishia peke yake, nikiilinganisha na panya wa aina hiyohiyo na umri huohuo waliopita katika jengo. Makundi mengine yanasubiri.

Tulikwenda stoo. Chakula kilikuwa cha vidonge vilivyoshindiliwa, vikavu, havina doa la kijani wala harufu ya uvundo. Mtu yeyote angekipitisha. Hapa ndipo wengi wanapotegwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kuvu ni kiumbe hai, na sumu yake ni kemikali tu. Nafaka au mashudu yakiota kuvu kabla ya kusagwa, kiwandani yatapita kwenye mvuke na joto la kushindilia vidonge, na kuvu mwingi utakufa. Sumu itabaki. Aflatoksini B1, mojawapo ya sumu kali za kuvu, huyeyuka katika nyuzijoto zaidi ya 260 za Selsiasi, kwa hiyo mvuke wa kutakasia vyombo, wa nyuzijoto 121, hauiondoi yote. Mionzi inayotumika kuua vijidudu katika chakula cha wanyama nayo inaua kuvu na kuiacha sehemu kubwa ya sumu ilipo. Unaweza kuwa na chakula kilichotakaswa kikamilifu, hakioti chochote ukikipanda maabara, na bado kikaharibu ini. Na kinyume chake ni kweli: si kila ukungu unaouona kwa macho unatoa sumu. Macho yanakuambia kuhusu kuvu. Kuhusu sumu ni kipimo cha kemia tu kinachoweza kusema.

Kipimo kilipofanyika, kilionyesha aflatoksini B1, pamoja na sumu kidogo za kuvu wa jamii ya Fusariamu. Nafaka moja kubeba sumu za aina mbili au tatu ni jambo la kawaida. Shamba lina kuvu wake na ghala lina wake.

Tatizo hili lina historia ndefu, na lilianzia humohumo kwenye chakula cha wanyama. Mwaka wa 1960 nchini Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana, ukaitwa ugonjwa X wa batamzinga. Vifaranga wa bata pia walikufa. Uchunguzi ulifika kwenye mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazili, na ndani yake kukapatikana kuvu Aspergillus flavus. Sumu zake, yaani aflatoksini, zilitenganishwa na kutazamwa chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno: zilizong'aa samawati zikapewa herufi B, zilizong'aa kijani zikapewa G. Haukupita muda, panya waliolishwa mashudu ya aina hiyo wakaonekana kuota saratani ya ini. Katika miaka hiyohiyo ya 1960, samaki aina ya trauti waliofugwa Marekani walikutwa na uvimbe wa saratani kwenye maini, na chakula chao chenye mashudu ya pamba kikaingia kwenye mashaka. Kwa maneno mengine, elimu yote hii ilitokana na watu waliofungua mizoga wakakataa kuamini kwamba chakula ni chakula tu.

Chini ya hadubini nilitumia muda mrefu na maini yale, na ningependa msomaji ayaone kama nilivyoyaona. Kipande cha ini kikipitishwa kwenye alkoholi na kuzamishwa katika nta, mafuta huyeyuka na kuondoka, kwa hiyo unachokiona kwenye slaidi ni matundu matupu ndani ya seli, mengi na ya mviringo, mfano wa sega la nyuki. Ukitaka uhakika kwamba yalikuwa mafuta, unagandisha kipande kingine kwa baridi, unakikata bila alkoholi na kukitia rangi nyekundu inayoshika mafuta. Tulifanya hivyo, na matone yakajitokeza mekundu yakiizunguka mishipa inayoingiza damu kwenye ini. Huko huko pembezoni mwa mishipa ndiko seli zilikokuwa zinakufa. Kwa panya mkubwa mweupe aflatoksini hupiga hasa eneo hilo, wakati kwa simbilisi hupiga zaidi katikati ya kitengo cha ini, kuuzunguka mshipa unaoitoa damu. Msomaji wa slaidi asiyejua tofauti hiyo anaweza kuitafuta sumu mahali isipokuwapo.

Lakini alama iliyonifanya ninyanyuke kitini ni mirija ya nyongo. Katika ini lenye afya, kila penye mshipa mdogo wa ateri na wa vena unakuta mrija mmoja au miwili ya nyongo, basi. Pale nilikuta mirija imezaliana, mistari kwa mistari ya seli ndogo za mviringo zikijipenyeza katikati ya seli za ini. Kuzaliana huko kwa mirija ndiko kulikotumiwa zamani kama kipimo cha aflatoksini: kifaranga wa bata wa siku moja alipewa dondoo la chakula kinachoshukiwa, kisha ini lake likaangaliwa. Zaidi ya hapo, baadhi ya seli za ini zilikuwa na viini vikubwa kupita kiasi, mara mbili au tatu ya kawaida, dalili kwamba seli inajaribu kugawanyika ikashindwa.

Swali ambalo vijana wa kazi huniuliza kila mara ni kwa nini ini, na si tumbo linalokipokea chakula kwanza. Jibu ni kwamba aflatoksini B1 ikiingia mwilini bado haijawa na makali. Ni ini lenyewe, kwa vimeng'enya vyake vya saitokromu P450 ambavyo kazi yake ni kuvunja vitu vigeni, ndilo linaloigeuza kuwa kitu kinachong'ang'ania DNA, kwenye kijenzi chake kiitwacho guanini. Mwili unajitetea kwa glutathioni, kemikali yake ya kujikinga, inayokishika kile kitu kabla hakijafika kwenye DNA. Panya wadogo wa maabara, ambao ni spishi nyingine (mouse kwa Kiingereza) na si watoto wa panya wakubwa (rat), wana kimeng'enya cha kuunganisha glutathioni chenye nguvu sana dhidi ya sumu hii, kwa hiyo wakubwa wanaugua saratani mahali ambapo wadogo wanapona. Katika panya wakubwa, madume huathirika zaidi kuliko majike. Kwa hiyo chakula kimoja, jengo moja, wiki zilezile, chumba kimoja kinaharibika na kingine kinaonekana kizima. Nimewahi kusikia hilo likitumiwa kama ushahidi kwamba chakula hakina tatizo, eti mbona panya wadogo hawajambo. Si ushahidi hata kidogo.

Baadaye nilishiriki katika jaribio ambalo chakula chenye kuvu kilitolewa kwa makusudi, kwa viwango vilivyopimwa, ili tuone kila kiungo kinavyojibu. Nilikwenda nikidhani nitaangalia maini tu. Figo ndizo zilizonishangaza. Kundi lililopata okratoksini A, sumu ya baadhi ya kuvu wa Aspergillus na Penicillium iliyogunduliwa Afrika Kusini mwaka wa 1965, lilianza kujulikana kwenye maranda: yalilowa kabla ya siku ya kubadilishwa, na chupa za maji ziliisha upesi. Figo iliyoumizwa kwenye mirija yake ya mwanzo inashindwa kurudisha maji mwilini. Mizoga ilipofunguliwa, figo zilikuwa zimepauka, na kwenye slaidi seli za mirija hiyo zilikuwa na viini vilivyotutumka. Okratoksini hujishikiza kwenye albumini, protini ya damu, ndiyo maana inachelewa sana kutoka. Kwa madume wa panya wakubwa, kulishwa kwa muda mrefu huleta saratani ya figo. Anayepima kreatinini, taka ya damu inayoonyesha hali ya figo, peke yake atachelewa, kwa sababu figo ina akiba kubwa na damu husema mwishoni. Maranda yaliyolowa yalisema mapema.

Viungo vingine nitavipitia haraka. Sumu za trikothesini, kama T-2, zilipunguza tezi ya thaimasi na bandama, seli za kinga zikapukutika. Wanyama wanaotapika hutapishwa na jamii hii ya sumu, lakini panya hawezi kutapika, kwa hiyo yeye hukataa chakula, na ndiyo maana kile kilichomwagwa chini ya kizimba lazima kipimwe kwenye mizani badala ya kufagiliwa. Fumonisini, iliyotambuliwa mwaka wa 1988 kutoka kwa kuvu wa mahindi, haikuacha mengi ya kuona kwa macho kwenye panya, ingawa farasi huoza ubongo kwa sumu hiyohiyo na nguruwe hujaa maji mapafuni. Kwenye panya utaikuta kwenye ini na figo, na mapema zaidi kwenye kipimo cha sfinganini, ambayo hupanda kwa sababu fumonisini imezuia seli kuitumia kutengeneza seramidi, aina ya mafuta ya seli. Zearalenoni, sumu nyingine ya kuvu, hujifanya homoni ya kike, ikauvimbisha mji wa mimba. Mtu anayefanya utafiti wa uzazi kwa panya halafu hapimi zearalenoni kwenye chakula, sielewi anaamini nini anapoandika matokeo yake.

Jambo moja zaidi linahusu maranda. Vyumba vingine hutumia magunzi ya mahindi yaliyosagwa badala ya mbao. Panya huyatafuna. Yakilowa mkojo na kukaa joto, kuvu huota humo humo ndani ya kizimba, na hapo unaweza kuwa na chakula kilichopimwa kikaonekana safi na mnyama bado anakula ukungu.

Kuhusu viwango, kuna takwimu ninazoziweka ukutani kwangu. Mtafiti wa sumu Gerald Wogan na wenzake walichapisha mwaka wa 1974 utafiti ambao panya wakubwa walilishwa aflatoksini B1 kwa viwango tofauti kwa sehemu kubwa ya maisha yao. Kwa mikrogramu 100 kwa kila kilo ya chakula, panya wote 28 walipata saratani ya ini. Kwa mikrogramu 15, walipata 4 kati ya 21. Sasa weka hilo karibu na vikomo vya kisheria: Ulaya, malighafi ya chakula cha mifugo inaruhusiwa hadi mikrogramu 20 za B1 kwa kilo. Kikomo hicho kiliwekwa kwa ajili ya mifugo na kwa ajili ya anayekula mazao yake, si kwa ajili ya panya atakayekaa kwenye jaribio la miaka miwili. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha cheti kwamba chakula kiko ndani ya sheria ya mifugo, anasema kweli, na bado hajakujibu. Mimi huomba tarakimu yenyewe, ya mzigo huohuo wenye namba hiyohiyo, pamoja na kiwango cha chini kabisa ambacho mashine yao inaweza kukiona.

Na hata tarakimu inategemea mkono uliochukua sampuli. Sumu haijisambazi sawasawa. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, na zinazozizunguka zikawa safi. Ukichota konzi moja juu ya gunia la kwanza, unapima bahati. Chukua kidogo kidogo kutoka sehemu nyingi, juu, katikati na chini, magunia mengi, saga vyote pamoja viwe unga laini, changanya, ndipo utoe cha kupima. Kazi hiyo inachosha na ina vumbi, vaa barakoa. Kosa kubwa la vipimo vya sumukuvu liko hapo kwenye kuchota kuliko kwenye mashine. Hifadhi pia sampuli ya kila mzigo kwenye friza mpaka ripoti ya jaribio itoke. Sisi tuliweza kujua kilichotokea kwa sababu tu mzigo ule haukuwa umeisha.

Stoo yetu ilibadilishwa. Magunia yanakaa juu ya chaga, mbali na ukuta, ili hewa ipite na unyevu wa sakafu usipande. Mwongozo wa Marekani wa kutunza wanyama wa maabara unashauri nyuzijoto chini ya 21 na unyevu wa hewa chini ya asilimia 50, na tumejitahidi kufika hapo. Mzigo wa zamani hutoka kwanza. Chenga zilizobaki ndani ya mapipa hazichanganywi na chakula kipya, mapipa yanaoshwa na kukauka kabisa kabla ya kujazwa. Mtunza wanyama sasa anakaa mezani matokeo yanaposomwa, na daftari lake ndilo linalofunguliwa kwanza.

Panya wa jaribio lile hawakuzaa jibu lolote. Waliuawa wote, na kemikali ile ilibidi irudiwe na wanyama wengine. Hilo linaniuma zaidi ya muda na fedha zilizopotea, kwa sababu ruhusa ya kutumia mnyama tunaipewa kwa sharti kwamba kifo chake kitatufundisha tulichokusudia kujifunza.

Ilibaki shida ya magunia yenyewe. Mfanyakazi mmoja, mtu mwema kabisa, aliomba apewe akawape kuku na bata wake kwa kuwa chakula kilionekana kizuri na kutupa ni dhambi. Nilimweleza kwamba vifaranga wa bata ni miongoni mwa viumbe wanaokufa kwa kiasi kidogo kabisa cha sumu hii, na kwamba ng'ombe akiila, asilimia 1 hadi 2 hivi ya B1, wakati mwingine zaidi, hutoka kwenye maziwa ikiwa imegeuka aflatoksini M1, na kuyachemsha maziwa hakuiondoi. Nilimwambia pia kuhusu mwaka wa 2004 nchini Kenya, watu 317 walipougua kwa mahindi yenye aflatoksini na 125 wakafa. Alinyamaza, akasaidia kupakia. Magunia yote yalikwenda kwenye tanuri la kuteketezea taka, na namba ya mzigo ikaandikwa kwa wino mwekundu kwenye kumbukumbu za jaribio, ukurasa wa mbele, ili yeyote atakayesoma matokeo yale aikute kabla hajafika kwenye majedwali.